Kula nje ya nyumba Butembo na Beni: kutoka kyaghanda hadi malewa

Saa sita za mchana, katikati ya Butembo na pembeni ya Boulevard Nyamwisi mjini Beni, moshi wa makala hupanda nyuma ya vibanda vya mbao na mabati. Ndani kuna mabenchi, meza ndefu, ndoo ya kunawa mikono na mama anayepakua chakula. Madereva wa pikipiki, wachuuzi, walimu, wanafunzi na askari huketi bega kwa bega. Wanaagiza fufu na sombe, au wali na maharagi, wanakula, wanalipa, wanarudi kazini. Wakaaji wanapaita malewa. Palipo na viti vya plastiki, kitambaa mezani na orodha ya bei ukutani, wanasema restora. Jioni, penye vinywaji na nyama ya mbuzi juu ya moto, wanasema buveti.

Leo hakuna anayeshangaa kuona mtu analipa pesa ili ale. Lakini katika milima hii desturi hiyo haina hata miaka 100. Ililetwa na watu waliokuwa mbali na jiko lao: wafanyakazi wa migodi, madereva wa kamio, wanafunzi, askari, na mwishoni watu waliokimbia vita. Kwa hiyo anayetaka kujua jinsi watu wa Butembo na Beni walivyohama na kuhamishwa anaweza kufuata sahani yao.

Kyaghanda: chakula kisicho na bei

Kabla ya barabara za Wabelgiji, Wanande, ambao pia hujiita Wayira, waliishi katika vijiji vya milimani kuanzia Lubero hadi chini ya mlima Ruwenzori. Ndugu zao Wakonjo wako ng'ambo ya mlima, upande wa Uganda. Kijijini palikuwa na kyaghanda, nyumba ya mkutano yenye moto katikati. Hapo wanaume walikutana jioni kusikiliza mashauri, kufundisha vijana na kula. Kila mama alipika jikoni kwake, kisha chakula kikapelekwa kyaghanda. Vyakula vya nyumba mbalimbali viliwekwa pamoja, na mgeni aliyefika jioni aliketi penye moto huo huo akala na wenyeji.

Watu wa wakati ule walisafiri pia, tena mbali. Chumvi ya Katwe, karibu na ziwa Edward upande wa Uganda ya leo, ilitafutwa na watu wa milimani tangu zamani, na njia zake zilipita bondeni hadi kwenye vilima vya Lubero. Msafiri alibeba chakula chake, na alipofika kwa rafiki au jamaa alilishwa. Jambo hilo lilikuwa na hesabu yake, lakini haikuwa hesabu ya pesa: leo unamlisha mtu, kesho mtoto wako atapita kwake. Kumdai mgeni malipo ya chakula kungekuwa kumwambia kwamba hamtaonana tena.

Posho na kambi za migodi

Mambo yalianza kubadilika mwishoni mwa miaka ya 1920. Kampuni ya madini iliyoitwa Minière des Grands Lacs, kwa kifupi MGL, iliweka kituo chake mahali ambapo leo ni Butembo. Wakati huo huo, mwaka 1929, mapadri Waasumsionisti walifika katika eneo hili na kuanza misheni zao. Kituo cha madini, misheni, ofisi ya serikali na duka: hivyo ndivyo miji mingi ya Kongo ilivyozaliwa.

Mgodi ulihitaji vijana wenye nguvu. Walitoka vijijini wakaishi kambini, mbali na mama, mbali na mke. Kampuni iliwapa posho, yaani unga, maharagi, chumvi, mafuta ya ngazi na wakati mwingine samaki mkavu. Lakini posho ni chakula kibichi. Mtu aliyetoka kuchimba tangu asubuhi hana kuni, hana maji, na mara nyingi hajui kupika. Kama ilivyokuwa katika kambi nyingi za migodi Kongo nzima, wanawake waliona nafasi hapo. Walipika na kuuza, walitengeneza kasiksi, yaani pombe ya ndizi, na kuiuza kwa kikombe. Wengi wao walikuwa wajane, au wanawake walioachwa, au walioacha ndoa mbaya. Wakuu wa serikali ya kikoloni na mapadri waliwatazama kwa jicho baya, kwa sababu mwanamke mwenye pesa zake mwenyewe hakuwa katika mpango wao. Hata hivyo wafanyakazi walikula kwao. Ndiyo mara ya kwanza katika milima hii sahani kupata bei.

Hoteli zisizokuwa za wote

Upande wa pili wa mji kulikuwa na kula nje kwa namna nyingine. Parc Albert, ambayo leo ni Mbuga ya Taifa ya Virunga, iliundwa mwaka 1925. Wazungu walianza kufika kutazama tembo, viboko na theluji ya Ruwenzori. Walowezi walikuwa wamechukua mashamba katika baridi ya Lubero, wakilima kahawa, pareto, ngano na mboga za Ulaya. Kwa watu hao zilijengwa hoteli na nyumba za wageni kwenye barabara kuu. Ile ya Mutwanga, chini ya Ruwenzori, ilikuwa na bwawa la kuogelea lililojazwa maji ya mlimani. Kwa Wabelgiji waliokaa mbali na bahari, Mutwanga ilikuwa kama ufuko wao: mahali pa kupumzika, kuoga na kula mezani huku mtu akiangalia mlima.

Mkongo aliingia humo kwa mlango wa jikoni. Alipika, alipakua, alibeba sinia, alifua vitambaa vya meza, lakini hakuketi. Serikali iliweka ngazi kwa Waafrika waliosoma: kadi ya mastahili ya raia mwaka 1948, kisha hati ya kusajiliwa kama mtu "aliyestaarabika" mwaka 1952. Wachache sana waliipata, na hata wao mara nyingi walitazamwa vibaya katika restora za Wazungu. Swali la nani anaruhusiwa kuketi meza ipi lilikuwa jambo la siasa kabla ya uhuru kufika.

Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, meza hizo zilifunguka kwa sheria, ingawa bei ilibaki kama ukuta. Lakini wapishi wa hoteli zile walibaki na ufundi wao. Kukaanga viazi vyembamba, kutengeneza saladi ya kabichi na karoti, omleti asubuhi pamoja na mkate: vyakula hivyo vilivyotoka katika jiko la mlowezi viliingia mitaani. Leo kijana wa taksi-moto anakula omleti na viazi vya kukaanga bila kufikiri kwamba babu yake aliruhusiwa kuvipika tu.

Kamio, mboga na watu wa barabara

Baada ya uhuru walowezi wengi waliondoka, lakini mboga zao zilibaki udongoni. Wakulima wa milima ya Lubero waliendelea kulima kabichi, vitunguu, karoti, liki na viazi. Wafanyabiashara Wanande walizipakia pamoja na maharagi katika kamio wakazipeleka Kisangani, na kutoka Kisangani nyingine zikaenda mpaka Kinshasa. Biashara hiyo iliwatajirisha wengi. Mobutu alipotangaza tarehe 30 Novemba 1973 kwamba biashara za wageni zitapewa Wazairwa, mahali pengi nchini maduka yalikufa mikononi mwa wakubwa wasiojua kuuza. Butembo ilikuwa na watu waliojua kuuza, na mji ulikua huku mengine yakianguka.

Kamio ndiyo mama wa restora za barabarani. Safari ya kutoka Beni kwenda Kisangani hupita Komanda, Mambasa, Epulu, Nia-Nia na Bafwasende. Barabara ilipoanza kuoza katika miaka ya 1970 na 1980, safari iliyokuwa ya siku mbili ikawa ya wiki nzima, na wakati wa mvua zaidi. Kamio ikizama kwenye tope, watu 30 walio juu ya mizigo wanahitaji kula. Kila mahali tope lilipokuwa zito, mama alitokea na sufuria. Kijiji kidogo kikawa kituo, kituo kikawa soko. Vivyo hivyo Kasindi, kilomita kama 80 kutoka Beni kwa barabara ya kitaifa namba 4, ililisha madereva waliosubiri karatasi za forodha. Na huko mpakani vyakula vilibadilishana pasipoti: chapati na chai ya maziwa zikaja kutoka Uganda, sombe na mafuta ya ngazi zikaenda ng'ambo.

Beni, penye njia panda ya barabara za Kasindi, Butembo na Komanda, ikawa mji wa madereva. Butembo ikawa mji wa wafanyabiashara, ambao baadaye walianza kwenda wenyewe hadi Dubai na China kutafuta bidhaa. Tofauti hiyo ilionekana pia mezani. Beni walikula watu wa safari, wanaotaka chakula kingi na cha haraka. Butembo walikula watu wa soko, wanaohesabu, na ambao kwa muda mrefu walisemwa kuwa hata tajiri wao anarudi kula kwa mke wake ili asitupe pesa.

Mishahara ilipokufa, malewa ilizaliwa

Neno malewa limetoka kwenye Kilingala, na lilifika huku kutoka magharibi pamoja na askari, watumishi wa serikali na muziki wa Kinshasa. Tanzania kazi hiyo hiyo inaitwa ya mama ntilie au mama lishe. Kenya kibanda cha chakula huitwa hoteli hata kama hakina kitanda. Kila nchi ina jina lake, lakini sababu zinafanana.

Hapa sababu kubwa ilikuwa kuanguka kwa pesa ya Zaire. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mshahara wa mwalimu haukutosha tena wiki moja. Mwanzoni mwa mwaka 1993 noti ya zaire milioni 5 ilikataliwa na wafanyabiashara, na askari waliolipwa noti hizo wakapora Kinshasa. Mtumishi aliyeishi kwa mshahara alianza kuishi kwa biashara ya mke wake. Mke huyo, mara nyingi, aliweka meza mbele ya nyumba na kupika.

Hesabu yake ilikuwa rahisi na ngumu pamoja. Asubuhi ananunua unga, sombe, mafuta, nyanya na makala. Mchana anauza. Jioni anatenga pesa za kununua tena kesho, na kinachobaki ndicho ada ya shule na dawa. Watoto wanakula kilichobaki kwenye sufuria. Siku ambayo hakuna wateja, mtaji unaliwa nyumbani. Hakuna benki inayomkopesha mama huyo, kwa hiyo wanawake walijiunga katika likelemba, kila mmoja akichanga na kupokea kwa zamu. Shule za sekondari na vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichofunguliwa Butembo mwaka 1989, vilileta vijana waliopanga vyumba bila jiko. Wao pia wakawa wateja, na wengi wao walikula kwa deni lililoandikwa kwenye daftari.

Hapo ndipo desturi ya kyaghanda ilirudi kwa mlango mwingine. Kwenye benchi la malewa huulizwi kabila wala cheo. Habari zinapita: barabara gani imefungwa, mazao yanauzwa bei gani, nani amefariki, nani amerudi. Mwanafunzi asiye na pesa wiki hii analishwa kwa sababu mama anamjua. Kuna bei, lakini bado kuna ile hesabu ya zamani.

Sahani ni ramani

Anayetaka kujua hali ya usalama katika Grand Nord anaweza kuanza kwa kuangalia kilichoko kwenye sahani. Unga wa muhogo wa fufu, mchele, ndizi na mafuta ya ngazi hutoka zaidi kwenye joto la wilaya ya Beni, upande wa Oicha, Mbau na Mangina. Viazi, kabichi, liki na maharagi hutoka kwenye baridi ya Lubero, kwa mfano Masereka. Samaki hutoka ziwa Edward, hasa Kyavinyonge na Vitshumbi, ambazo pamoja na Nyakakoma ndizo sehemu tatu za uvuvi zinazoruhusiwa na sheria upande wa Kongo. Chai inaweza kuwa imelimwa Butuhe, karibu kabisa na Butembo. Sukari, chumvi na unga wa ngano vinapita Kasindi.

Butembo iko kwenye urefu wa mita zaidi ya 1,700, Beni iko chini zaidi, na kati yao kuna kilomita kama 54 tu. Kwa hiyo miji hii miwili inalishana: mmoja unatoa viazi na maharagi, mwingine fufu, mchele na mafuta. Barabara moja ikikatwa, bei inapanda kwenye sahani kabla ya tangazo lolote la jeshi au la serikali. Mama wa malewa anajua hilo mapema kuliko mwandishi wa habari. Mara nyingi hawezi kupandisha bei kwa sababu mteja hana. Basi anapunguza nyama, kisha anaondoa samaki, kisha anabaki na maharagi.

Vita, Ebola na ndoo ya kunawa

Kati ya mwaka 1998 na 2003 miji hii ilitawaliwa na waasi na askari wa Uganda, na Beni ilikuwa makao ya RCD-ML. Shilingi ya Uganda na dolari zilitumika sokoni. Wakuu wa waasi, wafanyabiashara wa mbao na wachuuzi wa dhahabu walikuwa na pesa za kula nje, na hoteli mpya zilijengwa wakati vijiji vikiporwa. Mwaka 2003 Butembo na Beni zilipewa hadhi ya mji.

Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yanayosemwa kufanywa na ADF yalianza kuenea katika wilaya ya Beni. Tarehe 13 Agosti 2016 yalifika Rwangoma, ndani ya mji wa Beni wenyewe. Wakulima waliuawa mashambani, na waliobaki waliogopa kwenda kuvuna muhogo, mchele na kakao yao. Watu walikimbilia Oicha, Beni na Butembo. Mama aliyezoea kulima chakula akawa mama anayenunua.

Kisha ikaja Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kuanzia Mangina, ukaingia Beni, halafu Butembo na Katwa. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuugua na 2,287 walikuwa wamekufa. Ugonjwa unaopita kwa kugusana uligonga moja kwa moja mahali ambapo watu huketi bega kwa bega na kula kwa mikono. Nyama ya porini ilikatazwa. Salamu ya mkono iliachwa. Mlangoni pa kila malewa na kila restora iliwekwa ndoo yenye bomba na maji ya klorini. Wakati huo huo hoteli kubwa zilijaa wafanyakazi wa mashirika waliokuja na magari na dolari, na bei ya chumba na ya sahani ikapanda. Wakaaji wakasema kuna watu wanaokufa kwa Ebola na watu wanaokula kwa Ebola. Hasira hiyo ilikuwa sehemu ya kutoaminiana kulikofanya ugonjwa uwe mgumu kuzima.

Kabla Ebola haijaisha, tarehe 18 Machi 2020 Rais Félix Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa restora na baa nchini kwa sababu ya Covid-19, na zilingoja hadi Julai. Ndoo za Ebola zilikuwa bado ziko mlangoni. Nyingine ziko mpaka leo, na hiyo ni moja ya faida chache za miaka ile: mteja wa Butembo au Beni hunawa kabla ya kula bila kuambiwa.

Noeli ya mwaka 2021

Tarehe 6 Mei 2021 hali ya dharura ya kijeshi, inayojulikana kama état de siège, ilianza Kivu ya Kaskazini na Ituri. Wakati huo buveti na restora zilikuwa zimeanza kulengwa. Mwezi Juni mwaka ule ule milipuko ilitokea Beni, mmoja kanisani, mwingine karibu na baa.

Jioni ya Jumamosi tarehe 25 Desemba 2021, watu walikuwa wakisherehekea Noeli katika restora moja ya Beni iliyoitwa In Box. Mtu mwenye bomu alijaribu kuingia. Walinzi walimzuia, naye akajilipua mlangoni. Watu wasiopungua watano waliuawa, wengine wengi wakajeruhiwa. Viongozi walisema ni kazi ya ADF. Baada ya hapo amri ya kutotembea usiku ilikazwa.

Wanaoishi mbali wanaweza kuuliza kwa nini tukio hilo linakumbukwa hivi, wakati vijijini walikufa wengi zaidi. Jibu liko katika historia hii yote. Kwenda In Box siku ya Noeli hakukuwa anasa ya matajiri. Ilikuwa familia zinazosema kwamba hata katika mji uliozungukwa na mauaji, siku moja katika mwaka mtu anaweza kuvaa vizuri, kuketi na wenzake na kupakuliwa chakula. Bomu lililenga meza hiyo. Lilitaka kila mtu ale peke yake, nyumbani, mlango umefungwa.

Kwa miezi mingi jioni ya Beni ilikuwa fupi. Waliouza nyama ya kuchoma usiku walihamia mchana au waliacha. Wateja walianza kuketi wakitazama mlango, na walinzi wakaanza kupekua mifuko. Lakini malewa za mchana hazikufungwa. Zisingeweza: waliokula hapo hawakuwa na mahali pengine pa kula, na waliopika hawakuwa na kazi nyingine.

Waliokimbia wanapopika

Mwishoni mwa Juni 2024 Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa M23, na mapigano yakasogea kuelekea katikati ya Lubero. Watu wengi walipanda barabara ya kaskazini hadi Lubero na Butembo, wakiwa na magodoro, mbuzi na sufuria. Mwisho wa Januari 2025 Goma pia ilichukuliwa. Butembo, mji uliozoea kupokea watu kutoka upande wa Beni, ulipokea sasa watu kutoka kusini.

Wengi hawakuingia kambini. Walikaa kwa jamaa, au kwa familia zilizowapokea tu kwa sababu walikuwa wamefika jioni. Hilo ni jambo la kyaghanda, nalo lina gharama: nyumba ya watu saba inakuwa ya watu 15, na sufuria ni ile ile. Baada ya wiki chache mama mgeni anatafuta namna ya kusaidia. Shamba liko mbali, na hapa hana duka. Kazi anayoijua bila kufundishwa ni kupika. Kwa hiyo anaanza na kidogo: chai na mandazi asubuhi mbele ya nyumba, au muhogo wa kuchemsha na karanga, au sufuria moja ya maharagi karibu na mahali pikipiki zinaposimama.

Mahitaji yake yanahesabika kwa vidole: sufuria mbili, jiko la makala, unga wa siku moja, sahani, ndoo yenye bomba, na ruhusa ya kuketi mahali bila kufukuzwa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayokosekana mara nyingi. Wakusanya kodi hupita kila mmoja na karatasi yake, wa soko, wa tarafa, wa usafi, na pesa zinazotolewa asubuhi wakati mwingine ni faida yote ya mchana. Siku za mji mfu, wakati wakaaji wanaitwa kubaki nyumbani kupinga ukosefu wa usalama, mama huyo anaelewa sababu kuliko mtu yeyote, kwa kuwa yeye mwenyewe alikimbia. Lakini chakula alichokwisha kununua kinaharibika, na hakuna anayemrudishia.

Wakati misaada ya chakula inapogawanywa, hesabu huwa ya magunia na ya watu walioandikwa. Mama anayeuza fufu barabarani haonekani katika hesabu hiyo. Lakini yeye ndiye anayemlisha dereva, mwalimu asiyelipwa na mwanafunzi aliyekuja peke yake kutoka Kirumba, kwa bei wanayoiweza, na mara nyingine kwa daftari. Anafanya kazi ile iliyofanywa na wanawake wa kambi za MGL na wa vituo vya kamio: kumpa mtu aliye mbali na nyumbani mahali pa kuketi na kula.

Atakayepita njia panda ya Beni au soko la Butembo wiki hii atakuta sahani zina ladha mpya kidogo. Kuna viazi vilivyopikwa kwa namna ya kusini mwa Lubero, kuna samaki aliyeandaliwa kama watu wa ziwani wanavyomwandaa. Wapishi wake wamefika juzi tu, na hawajui watarudi lini. Mpaka siku hiyo wanahitaji wateja, tena wateja wanaolipa madeni yao mwisho wa mwezi.